Nilikaa dawati la nyuma vipindi viwili, nikaelewa kwa nini darasa langu "halisikilizi"

MLETA UZI

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, Kanda ya Ziwa. Nafundisha Hisabati darasa la tano. Mkondo mmoja nina watoto 96, dawati moja wanakaa watatu, na siku wakihudhuria wote wanakaa wanne. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu mwezi wa pili.

Kwa miaka yote niliyofundisha nilikuwa na jibu moja nikiulizwa kwa nini nusu ya darasa inafeli: hawasikilizi. Wa mbele wananifuata, wa nyuma wanapiga soga. Na ushahidi ninao, kwa sababu kila nikitoka darasani monita anaandika orodha ya wapiga kelele, na majina ni yale yale wiki nenda wiki rudi, karibu yote ya mistari mitatu ya mwisho.

Mwezi wa pili tukapokea wanachuo wa mafunzo kwa vitendo. Mmoja akapewa darasa langu, nami nikatakiwa nikae nyuma nimtazame akifundisha mada ya sehemu, vipindi viwili mfululizo. Nikabanana na watoto watatu kwenye dawati la mwisho, upande wa dirisha. Goti langu halikuingia chini ya dawati, nikakaa upande.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jua limeingia dirishani, limepiga ubao moja kwa moja. Ubao wetu rangi imelika, umekuwa laini kama sahani, kwa hiyo unang'aa. Mwanachuo akaandika zoezi. Kijana aliye pembeni yangu akanakili swali la kwanza: 5/3 jumlisha 1/4. Nikataka kumrekebisha, nikatazama ubao kwanza. Nami niliona tatu. Nikainama upande wa kushoto kukwepa mng'ao, ndipo tatu ikageuka nane. Swali lilikuwa 5/8.

Yule kijana akamgeukia mwenzake akamnong'oneza, "Hiyo ni nane au tatu?" Mwenzake akajibu. Monita akageuka, akaandika majina yao wawili.

Wakuu, nilikaa pale nikaishiwa nguvu. Baada ya kengele nilikwenda ofisini nikachukua rundo la daftari za wiki iliyopita, nikatenga za watoto wa nyuma. Daftari baada ya daftari, njia ni sahihi, jibu ni sahihi kwa swali alilolinakili. Swali lenyewe ndilo siyo lile nililoandika. Nimewawekea kosa watoto waliokokotoa vizuri kabisa. Na wengine nimewasimamisha mbele kwa kupiga kelele, kumbe walikuwa wanaulizana ubaoni pameandikwa nini.

Najua tulikotoka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika, na mwaka ule ule nchi nzima ikahangaika na madawati, wakuu wa mikoa wakapewa mwisho wa Juni wawe wamemaliza upungufu. Ilikuwa kazi kubwa na nzuri, watoto wakaacha kukaa sakafuni. Ila kiwango tunachotakiwa kuwa nacho ni watoto 45 kwa darasa, mimi nina mara mbili na zaidi. Na tulipopata madawati hakuna aliyeuliza nani akae wapi. Tuliyapanga mpaka ukuta wa nyuma, basi.

Naomba walimu na wazazi mlioko humu tujadili hili. Mtoto anakaa wapi, anakaa na nani, na kuna nini mbele ya macho yake.

MDAU, IRINGA

Mwalimu, umeandika kwa uchungu na nakuelewa, ila tusiwafanye watoto wote malaika. Mtundu anachagua nyuma mwenyewe. Sisi tulikuwa tunawahi darasani siku ya kwanza ya muhula ili tupate kona ya nyuma. Ukimleta mbele anakuwa mtundu wa mbele.

MLETA UZI

Mdau wa Iringa, hoja yako ina uzito, na watafiti wameibishania miaka mingi: mtoto hodari anachagua mbele, au mbele ndiko kunakomfanya awe hodari? Mwaka 1970 Adams na Biddle walirekodi kwa kamera madarasa nchini Marekani wakaona kwamba maswali na majibu mengi yanapita kati ya mwalimu na watoto wa mbele na wale wa katikati mbele ya macho yake. Wa pembeni na wa nyuma wako darasani ila mazungumzo hayawafikii. Baada ya kusoma hilo nilijichunguza siku moja. Nilishika chaki mbili, ya njano na nyeupe, kila nikimuuliza mtoto nachora mstari mdogo pembeni mwa ubao, njano kwa wa mbele, nyeupe kwa wa nyuma. Kipindi kilipoisha nilikuwa na njano nyingi na nyeupe mbili tu. Hapo hakuna mtundu aliyechagua kitu. Macho yangu ndiyo yaliyochagua.

Na shule za msingi wengi hawachagui. Tunawapanga sisi kwa kimo, mrefu nyuma. Sasa fikiria mrefu ni nani kwa darasa la tano. Ni yule aliyechelewa kuanza shule, ni yule aliyerudia darasa, ni binti aliyewahi kukua. Mtoto ambaye tayari ana sababu ya kukata tamaa tunamweka mahali ambapo ubao hausomeki.

Nilichofanya ni kuzungusha. Kila Jumatatu mstari wa mbele unakwenda nyuma kabisa, mingine yote inasogea hatua moja mbele, na kila mwezi upande wa dirisha unabadilishana na upande wa mlango. Warefu wakifika mbele wanakaa kwenye ncha za mstari, karibu na kuta, ili wasiwazibe wenzao. Wanaobaki mbele daima ni wale wasioona vizuri. Nimewapata kwa kipimo cha kawaida tu: kila mmoja asimame mwisho wa darasa asome namba tano ubaoni, jicho moja limezibwa kwa kiganja. Walioshindwa nimewaandikia wazazi wao barua waende zahanati wakapimwe macho. Mmoja ameshapata miwani.

Kuna binti mmoja, mrefu kuliko wote, sikuwahi kuisikia sauti yake tangu Januari. Wiki ya pili mstari wake uliposogea mbele alinyoosha mkono. Jibu lake halikuwa sahihi, lakini alinyoosha.

MDAU, KISUMU

Hujambo mwalimu. Mimi pia ni mwalimu, wa Kenya, nafunza gredi ya nne. Kwetu shida imekuja kinyume. Tangu mtaala wa umilisi uanze nchi nzima mwaka 2019 tunahimizwa tuwakalishe watoto kwa vikundi. Nimeunganisha madawati, watoto sita au wanane wanatazamana. Nusu yao wameupa ubao mgongo, wanapinda shingo kila dakika. Nikiwapa kazi ya kikundi, mmoja anaandika, mmoja anamsaidia, waliobaki wanachezea rula. Kelele nayo usiseme. Wewe umefanyaje?

MLETA UZI

Mwalimu mwenzangu wa Kisumu, sijambo. Hapa ndipo nilipofanya makosa mengi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitalieleza kirefu.

Sisi nasi tangu mtaala wa 2005 tunaambiwa mwanafunzi awe kitovu cha somo. Nakubali kwa moyo wote. Lakini huku chini limegeuka kuwa "panga vikundi". Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akiingia darasani tunakimbilia kusukuma madawati. Ndani ya vikundi hivyo kila mtoto anafanya zoezi lake peke yake, ila sasa ana nyuso tano za kutazama. Hili halikuanza kwetu. Uingereza, Galton na wenzake walichapisha mwaka 1980 matokeo ya kuyafuatilia madarasa ya msingi kwa muda mrefu, wakakuta jambo hilo hilo: watoto wamekaa kwa vikundi, wanafanya kazi mmoja mmoja. Mwaka 2008 Wannarka na Ruhl walipitia tafiti nane za mpangilio wa viti, na walichopata ni rahisi kukumbuka. Kazi ya kila mtu kivyake, mistari inawasaidia watoto kutulia, na wanaosaidika zaidi ni wale wasumbufu. Kazi ya kujadiliana, watazamane. Yaani kazi itangulie, mpangilio uifuate. Mimi nilikuwa napanga kwanza kisha natafuta kazi ya kuwapa.

Halafu kuna ukubwa wa kikundi. Mfaransa mmoja, Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alipima nguvu za watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo yake mwaka 1913. Kila alipoongeza mtu, mchango wa kila mmoja ulipungua, na walipofika wanane kila mtu alikuwa anatoa takriban nusu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Wanane wako wa rula ni hao hao. Sio wavivu. Kazi haiwahitaji, na wao wanajua.

Kwa hiyo mimi nimeachana na kusukuma madawati. Dawati langu lina watoto watatu, hicho tayari ni kikundi, na nikitaka kikundi kikubwa mstari mmoja unageuka nyuma wanakuwa sita, sizidishi hapo. Karatasi ni moja na kalamu ni moja. Mwenye kalamu haruhusiwi kuamua jibu, anaandika anachoambiwa na wenzake, na kila swali kalamu inahama. Kama hakubaliani nao anaiweka kalamu chini na wao wanatakiwa wamshawishi. Ukipita kati ya madawati unasikia kelele, ndiyo, lakini isikilize kelele yenyewe. "Kwa nini umezidisha chini?" "Kwa sababu asili hazifanani." Hiyo siikatazi.

Mwisho wa kazi siwaiti viongozi wa vikundi. Nina vipande vya boksi vyenye namba kwenye kopo, naokota namba, aliyeangukiwa anaeleza kazi ya dawati lake. Mtoto akijua anaweza kuitwa, hawezi kuwaachia wenzake.

Kuna njia nyingine ya Mmarekani Elliot Aronson, aliyoianzisha Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipochanganya watoto weupe na weusi na uhasama ulikuwa mkali. Somo linakatwa vipande, kila mtoto anapewa kipande kimoja, na kikundi hakiwezi kulijua somo zima bila kumsikiliza kila mmoja. Nimejaribu kwa Sayansi, kwenye mfumo wa chakula. Mtoto wa tumbo, mtoto wa ini, mtoto wa utumbo mwembamba. Kwa Hisabati sijaiweza vizuri, na kwa darasa la 96 inataka maandalizi ya usiku kucha, kwa hiyo siifanyi kila wiki.

MDAU, DAR ES SALAAM

Mwalimu, mimi ni mzazi. Shule ya binafsi anakosoma mwanangu imetangaza kuwa mwakani kila mtoto aje na kishikwambi, na ada inapanda. Mtoto yuko darasa la sita, nyumbani hamalizi ukurasa mmoja wa kitabu bila kuomba simu. Je, hii ni maendeleo au ni kumwongezea ugonjwa?

MLETA UZI

Dada au kaka mzazi, nitakujibu kwa niliyoyaona kwanza.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilikuja kugawiwa walimu, nami nilipata. Nilifurahi mno. Nikapakua video fupi ya sehemu, nikaingia nayo darasani, nikainyanyua juu. Watoto 96, kioo kisichozidi ukubwa wa daftari. Wanane wa mbele waliona, waliobaki wakapanda juu ya madawati, wengine wakasukumana, mtoto mmoja akaangukia mkono. Kipindi kizima kilikwenda. Siku ile nilijifunza kwamba kifaa kinachoonwa na wachache kinawavuruga waliobaki kuliko kutokuwepo kabisa.

Sasa kishikwambi ni changu mimi, siyo cha darasa. Napakua vitabu vya Taasisi ya Elimu, naandalia andalio la somo, nasikiliza namna wenzangu wanavyoeleza mada ngumu. Mara moja tuliazima projekta, tukaziba dirisha kwa kanga mbili, picha ikatua ukutani kubwa kama mlango. Kioo kimoja, macho yote upande mmoja, dakika saba, kisha nikazima na kila mtu akarudi kwenye daftari lake. Siku ile kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuupata kwa fimbo wala kwa ukali.

Kuhusu kila mtoto na kioo chake, hapo ninaogopa. Mwaka 2013 Sana, Weston na Cepeda wa Kanada waliwapima wanachuo waliokuwa wakisikiliza mhadhara. Waliofanya mambo mengine kwenye kompyuta zao walipata alama pungufu kwa asilimia 11. Lakini wale ambao hawakufungua chochote, walikaa tu mahali ambapo kioo cha jirani kinaonekana, walishuka kwa asilimia 17. Soma tena hapo, mzazi. Mtoto wako anaweza kuwa na nidhamu zote, akakaa nyuma ya asiye nayo, akaumia yeye. Tumerudi pale pale pa nani anakaa wapi.

Kwenye PISA ya 2022, vipimo vya kimataifa vya wanafunzi wa miaka 15, kwa wastani wa nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, asilimia 65 ya wanafunzi walisema vifaa vya kidijitali vinawaondolea umakini angalau kwenye baadhi ya vipindi vya Hisabati. Hizo ni nchi zenye kila kitu. Ripoti ya UNESCO ya 2023 nayo inataja utafiti ulioonyesha mwanafunzi akishachepushwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye somo. Kipindi chetu ni dakika 40.

Nenda shuleni ukaulize kwa heshima: nani anadhibiti vioo vyote kwa pamoja, mwalimu au kila mtoto? Kwa kipindi kimoja vitawashwa dakika ngapi? Vikizimwa, mtoto ataandika nini kwa mkono wake? Wakiwa na majibu, hiyo ni shule iliyofikiri, mpe mwanao. Wakikujibu kwa kutaja aina ya kishikwambi, mimi ningesubiri.

MDAU, MOROGORO

Mimi niko chuo, mwaka wa pili. Naweza kuthibitisha. Ukumbi wetu umepanda kwa ngazi, ukikaa juu unaona vioo vya watu wote walio chini yako. Kuna anayetazama mpira, kuna anayechati. Muhula uliopita nilihamia safu ya pili, simu naiacha kwenye begi imezimwa. Sijawa mwerevu zaidi, ila sasa natoka na maelezo yangu mwenyewe, siombi ya mtu.

MDAU, TABORA

Samahani mwalimu, nitakuwa mkali kidogo. Watoto wanakuja na njaa, walimu hawatoshi, wewe unazungumzia kusogeza mistari? Hizi tafiti za Marekani na Kanada hazijui bati likipigwa na mvua.

MLETA UZI

Huna haja ya kuomba samahani, mkuu. Yote uliyosema ni kweli na mimi naishi ndani yake. Mtoto aliyetembea asubuhi bila kula ikifika saa nne macho yako wazi lakini hayupo, hata umweke mapajani mwa mwalimu. Mwaka jana wazazi walikubaliana kuchanga mahindi, tukaanza uji, na tofauti ya kipindi cha baada ya uji naiona bila kipimo chochote. Mvua ikinyesha bati linanguruma, nafunga mdomo, naandika kazi ya kimya ubaoni. Hakuna mstari utakaoniongezea mwalimu wa pili.

Lakini walimu wapya siajiri mimi. Madarasa mapya sijengi mimi. Kuhamisha mstari wa nyuma kuja mbele ni Jumatatu moja, dakika kumi, na ruhusa yake ninayo mwenyewe. Nikisubiri darasa lifike watoto 45 ndipo nianze, huyu kijana wa 5/3 atakuwa ameshamaliza la saba.

Ubao nao tumeushughulikia. Kamati ya shule ilinunua kopo la rangi ya ubao, mafundi wakawa mimi na mwalimu wa Stadi za Kazi, Jumamosi moja. Zamani tulikuwa tukisugua mkaa uliosagwa na majani mabichi, unadumu wiki chache. Rangi hii bado haing'ai. Na sasa nane naichora kubwa, matumbo mawili wazi, nikimaliza kuandika naenda mpaka nyuma, nakaa, nasoma nilichoandika mimi mwenyewe kabla sijasema "anzeni".

MDAU, KIGOMA

Nimesoma uzi jana usiku, leo nimekaa nyuma darasa la nne, mwenzangu akifundisha Kiswahili. Ubao nimeuona vizuri. Tatizo ni sauti. Darasa la jirani wanaimba majedwali ya kuzidisha na ukuta wetu haujafika darini. Neno "methali" nimelisikia "mitali". Watoto watatu karibu yangu wameandika hivyo hivyo. Kesho tunaomba darasa la jirani waimbe majedwali kipindi cha mwisho.

MLETA UZI

Mwalimu wa Kigoma, umenipa nguvu. Hilo la sauti sikuwa nimelifikiria, kesho nitafumba macho nisikilize tu.

Mrejesho kwa waliouliza kama kuna mabadiliko: mtihani wa mwezi bado, nitauleta hapa hapa matokeo yakitoka, yawe mazuri yawe mabaya. Yule kijana yuko mstari wa nne wiki hii, Jumatatu anaingia wa tatu. Na orodha ya wapiga kelele ya Ijumaa iliyopita monita ameniletea ina majina manne. Mawili ni ya watoto waliotoka mbele wakafika nyuma. Nimewaita pembeni nikawauliza walikuwa wanaongea nini. Mmoja akasema, "Mwalimu, nilikuwa namuuliza umeandika sita au sifuri."